Bima Isiyotaka Niseme Nimekosa

Zamani, ukipita kwetu Mangobo kabla ya jua kuchomoza, ungesikia papa wangu, yaani baba yangu, na Papa Évariste, mkandaji wake wa mikate, wakibishana kuhusu chumvi. Hatukuwa na mashine ya kukandia unga. Papa Évariste alikanda kwa mikono ndani ya beseni refu la mbao, akiimba nyimbo za kwao Yanonge, nami nikikaa juu ya gunia la unga kungoja mkate wa kwanza. Natamani sana asubuhi zile, hata kelele zake.

Papa wangu alipofariki, nikarithi tanuri lake la mikate. Mwaka huu nimenunua mashine, na mbele ya wafanyakazi wote nikamwambia Papa Évariste akapumzike nyumbani. Bila barua, bila soda, bila hata kumpa kiti. Nilidhani ni wema! Kumbe nilikuwa nimemfukuza mzee wa watu kama kuku aliyeingia jikoni. Wiki mbili baadaye, inspekta wa kazi akaniletea malalamiko ya mzee.

Bahati nilikuwa na bima, ile inayomkinga mwenye biashara ndogo akishtakiwa na mfanyakazi wake. Nikapanda pikipiki hadi Makiso kumwona Hugues, wakala aliyeniuzia.

"Mama Aimée, usiogope," alisema. "Avocat wa kukutetea tutamulipa siye. Hata mzee akishinda, siye ndiyo tutalipa. Condition iko moja tu: usiende kwake, usiombe pardon, usiandike kitu. Ukikubali kosa, bon, assurance inakufa."

"Hata pole?"

"Hata pole."

Bila bima, kesi ile ingeweza kunimezea tanuri lenyewe. Basi nikanyamaza. Lakini kwetu mtu akikukasirikia, unakwenda kwake, unakaa, mnasemezana. Kumnyamazia ndilo tusi kubwa. Halafu mashine haibishani na mtu kuhusu chumvi. Niliamka kila siku kwenye ukimya ule. Siku ya tisa nikashindwa, nikaenda.

Nilimkuta uani amekaa, mikono mapajani, haina kazi.

"Papa Évariste, nilikosa. Unisamehe."

Akajibu, "Mi nilienda kwa inspecteur juu ya vile ulinyamaza wiki zile mbili. Nilikungojea mpaka nikachoka. Bon, ya inspecteur, ataamua mwenyewe. Kwako nataka attestation. Nikikufa, batoto yangu wataonyesha nini kama papa yao alikuwa anatumika kazi?"

Hati ya kazi! Yaani niandike kwa mkono wangu, kwa jina la tanuri letu, kwamba mtu huyu alikuwa wetu. Hugues angeiona kwa inspekta, na bima ingekufa siku hiyo hiyo. Nilijua, na niliogopa. Nikatoa kalamu.

Niliandika kwamba alitukandia mkate miaka ishirini na tisa, kama makaratasi ya papa yalivyosema.

"Hapana, mwanangu," alisema akichungulia. "Andika makumi tatu na moja. Ile miaka mbili ya mbele hatukukuwa na karatasi. Mama yako ndiye alikuwa anakanda. Alikuwa na mimba yako, mugongo inamuuma, papa yako akakuja kuniita nimupokee kazi."

Thelathini na moja: umri wangu wote. Machozi yakanitoka mbele yake. Nikafuta, nikaandika upya, nikatia sahihi.