Godoro la Inchi Sita

Mimi mdomo ninao, Makere nzima inajua. Basi leo niutumie kujisema mwenyewe, kabla wengine hawajanisema vizuri zaidi.

Mwanangu Philemon alikuwa machimboni Geita. Krismasi ya mwaka juzi alikuja nyumbani, akaona ninavyoamka asubuhi nimejishika kiuno, maana kitanda changu kilikuwa cha miti na juu yake mkeka tu. Baadaye nikamkuta anakipima kile kitanda kwa kamba ya mgomba. Nikamwuliza, "Unanipimia jeneza?" Akacheka mpaka akakaa chini. Mwezi wa tatu basi likashusha godoro stendi ya Kasulu, la inchi sita, nikalitandika likaenea pembe zote nne. Jamani, nililia. Vijana wa watu wakipata wananunua viatu vya kujionyesha, wangu akakumbuka kiuno cha mama yake.

Nililala juu yake miezi mitano.

Jirani yangu Nadine alikuwa Mrundi. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa wenzake walirudi kwao, yeye akabaki kwa sababu alishaolewa na Gasper, mtu wa hapa hapa. Akapata saratani ya kizazi, na hospitali ikamrudisha nyumbani, maana yake kila mtu anaijua. Siku moja nilikwenda kumwogesha. Nilipomgeuza, ngozi ya mgongo ikabaki kwenye mkeka. Mama yangu! Nilitoka pale nikiwa nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani, nikabeba godoro langu kichwani mchana kweupe. Gasper akaanza kukataa kataa. Nikamwambia, "Nyamaza wewe, sijakupa wewe." Nadine alipolazwa juu yake alifumba macho, akanishukuru kwa Kirundi, "Urakoze, mama." Jioni hiyo alikunywa uji bakuli zima.

Nilimpigia Philemon simu kwa hofu kidogo, kwa kuwa zawadi ni yake. Kumbe! Alifurahi hata nikamsikia akiwaambia wenzake kando ya simu, "Mnamsikia mama yangu? Mnamsikia?" Mimi nikarudi kwenye mkeka wangu na kiuno kikaniuma, lakini nilikuwa nalala usingizi.

Mwaka huu, Jumatano moja, mwenzake wa machimboni aitwaye Abbasi akanipigia. Philemon anakohoa damu. Mapafu yamejaa vumbi la mawe, madaktari wamesema apelekwe kwao, atafika Jumamosi.

Nilisimama chumbani nikatazama kile kitanda. Miti mitupu. Mwanangu aje afie juu ya miti? Asubuhi nzima ya Alhamisi nilizunguka kuomba godoro la kuazima. Wengi hawana, na wenye nalo wanalilalia wanne. Maharage yangu yalikuwa bado yanatoa maua, na maua nimwuzie nani?

Kwetu kitu ulichomlazia mgonjwa hakirudishwi mpaka apone au afe, hata kama ni gunia. Mama yangu alinifundisha hilo kabla sijajua kusonga ugali. Nililijua, sisingizii kutojua. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nikawa najirudia njia nzima mpaka nikafika mlangoni kwa Nadine.

Gasper alikuwa shamba. Nilikuwa nimejiandalia maneno, mengine makali, maana nikiwa na makosa ndipo ninapofoka. Lakini Nadine alinitazama, akaona nimesimama tu.

"Nimesikia Philemon anaumwa," akasema.

"Anakuja Jumamosi."

Akalipapasa godoro. "Basi lichukue, mama. Mtoto ni mtoto."

Akajiviringisha mwenyewe hadi kwenye mkeka, ameuma khanga ili asipige kelele. Ningekuwa mtu, ningemrudisha pale pale. Nilikunja godoro nikalifunga kamba. Wanasema tenda wema wende zako. Mimi nilitenda, nikaenda zangu, halafu nikaurudia kuuchukua.

Ijumaa nililianika juani, nikalitandika shuka safi.

Jumamosi wakamteremsha Philemon, mifupa mitupu, macho ndiyo yamebaki makubwa. Alisimama mlangoni mwa chumba ameshika ukuta. Akaliona godoro. Uso wake wote ukachangamka.

"Kumbe Nadine amepona!"

Mimi, Recho, mwenye mdomo, nilikuwa na nafasi ya kusema kweli.

"Amepona," nikasema.

"Mungu mkubwa. Ile saratani? Basi na mimi naweza kupona, mama."

Akalala. Siku tatu alikula. Siku tatu alipanga tutakavyoezeka nyumba kwa bati, nami nikaitikia kila kitu.

Jumanne asubuhi kilio kikasikika ng'ambo ya migomba. Nikafunga dirisha, lakini waombolezaji walikuwa wanamwita marehemu kwa jina lake. Philemon aliketi kitandani. Akaniuliza, "Nadine gani huyo?" Nikajifanya nabana dirisha vizuri. Akasema nimpeleke akampe Gasper pole. Nilimkatalia, nikafoka, nikamwambia atanifia njiani. Akaanza kwenda peke yake akishika miti, ikabidi nimpe bega.

Gasper alimshika mikono yote miwili. "Pole na ugonjwa, ndugu yangu. Mwenzako ameteseka. Siku tano hizi za mwisho alilala hapa chini."

Hakunitazama. Hakuwa na ubaya, alikuwa anasimulia msiba wake kama wafiwa wote. Philemon aliutazama ule mkeka, ulikuwa bado haujatolewa.

Tuliporudi alichukua mkeka wangu, akautandika karibu na mafiga, akajilaza.

"Panda kitandani, Philemon."

"Hapana, mama."

Nikasema nitampandisha kwa nguvu. Nikagomba, nikatukana, mwisho nikapiga magoti. Akangoja nimalize.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningelala chini kwa raha, nikijua ni kwa ajili ya nani."

Alikaa pale chini siku kumi na moja. Kila siku nilimbembeleza, na kila siku alikataa kwa adabu, "Niko sawa, mama," huku mkeka unamla mgongo. Godoro likakaa kitandani na shuka lake safi, na mimi pia sikuweza kulipanda. Siku ya kumi na mbili Gasper ndiye aliyekuja kunisaidia kuuinua mwili wake.