Kigae cha 10,201

Wenzangu walijivunia baba wenye magari. Mimi nilijivunia namba: 10,201. Baba, fundi vigae, ndiye aliyenifundisha kuipenda.

"Isome kutoka mbele, isome kutoka nyuma, ni ileile," alikuwa akisema. "Ukiacha kuitandaza mstari mmoja kama mchwa, hupangika njia moja tu: mistari mia moja na moja, kila mstari vigae mia moja na moja. Mraba kamili! Na haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo ina kigae cha katikati."

Hiyo ndiyo hesabu ya sakafu ya ukumbi wa shule yetu. Bahati mbaya vigae viliuzwa kwa maboksi ya mia mia, na mkuu wa shule alikuwa na mkono wa birika. Akanunua 10,200, basi.

"Namba nzuri," Baba alikiri. "Mistatili inatoa chungu nzima. Lakini mraba haitoi, hata uilie machozi."

Alitandika kuanzia kuta zote, bila kuvunja hata kimoja, likabaki pengo la kati. Akaja nyumbani, akabandua kigae cha kijani nyuma ya jiko la Mama.

"We baba nanii! Jikoni kwangu?"

"Nitakirudisha, mama."

Hakukirudisha. Baba akichelewa kurudi, Mama alituambia yuko kwa mke mwenza, yule wa kijani. Hata Baba alipofariki, Mama alikataa tundu lile lizibwe. Baba aliahidi mwenyewe kukirudisha, alisema.

Mwezi uliopita nikasikia ukumbi unabomolewa. Mama alikuwa kitandani, kifua kimembana, na daktari alishaacha kutudanganya. Nilitaka akishike kile kigae kabla hajaniacha. Nikaenda mbio.

Sakafu nzima ilikuwa imepakwa rangi nyekundu.

"Dada, vyote vinafanana," msimamizi wa ubomoaji alisema. "Utakijuaje?"

"Cha hamsini na moja kutoka ukuta wa mlango, cha hamsini na moja kutoka ukuta wa madirisha."

Akahesabu, akakwangua. Kijani! Machozi yakanitoka mbele ya wanaume wa watu. Akaingiza patasi, akagonga kidogo, na kigae kikapasuka katikati. Nilimfokea mpaka akavua kofia. Maskini, hakuwa na kosa.

Nilimwekea Mama vile vipande viwili mapajani, nikaomba radhi. Akaviunganisha, akavitazama sana, kisha akavitenganisha.

"Hiki kibandike jikoni. Hiki nizikwe nacho."

"Mama, jamani!"

"Jamani nini? Miaka yote alinijigambia kwamba namba yake haigawanyiki kwa mbili. Nataka nikamwoneshe."