Kituko cha Mwaka

Jumapili ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, familia ya Kapteni ilikuwa na kawaida yake moja: wakishakula chakula cha mchana, walisukuma viti vya sebuleni mpaka ukutani, wakaanza kutafuta kituko cha mwaka. Kila mtu alikuwa na haki ya kutaja jambo lolote la ajabu lililowapata mwaka uliokwisha, aliseme lote bila kuficha, na mhusika haruhusiwi kununa. Mwisho walipiga kura kwa kunyoosha mikono, na mshindi akasimama kutoa hotuba. Mwaka mmoja alishinda mkewe Kapteni, kwa kumkimbiza mwizi na mwiko mtaa mzima, kumbe ni msoma mita. Mwaka uliofuata alishinda mkwewe, mke wa mwanawe, wakati huo bado mgeni katika ukoo huu wa watu wasio na haya, kwa kukaanga vitunguu kwa sabuni ya maji akidhani ni mafuta, kisha akausifia mchuzi wake mwenyewe.

Kapteni hakuwa nahodha wala rubani. Alikuwa dereva wa basi la shule, mwaka wa ishirini na ushee sasa, na jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa sababu kila asubuhi kabla hajatia gia alitangaza: "Abiria wangu, kapteni wenu anawakaribisha. Atakayetapika atapiga deki mwenyewe." Ndivyo alivyokuwa hata nyumbani. Mwanawe alikua akijua kwamba katika nyumba hii mtu akianguka anachekwa kwanza, ndipo anainuliwa.

Leo Kapteni alikaa kwenye kochi lake, tumbo limeshiba lakini roho haijatulia. Shati lake la kazi lilikuwa limepigwa pasi na kutundikwa mlangoni. Kesho, kwa mara ya kwanza, mjukuu wake wa pekee, ambaye yeye humwita mchumba, angepanda basi lile kwenda darasa la kwanza. Mtoto alikuwa amevaa begi jipya tangu asubuhi. Amekula nalo, amekwenda nalo chooni, na akiambiwa alivue anaangua kilio.

"Haya, kikao kimefunguliwa," alisema mwanawe. Kijana huyu alikuwa fundi simu, na nyumba nzima walimwita Redio. Ukikaa naye dakika tano huulizi kwa nini. "Nani anaanza? Kimya? Basi naanza mimi. Naanza na sanamu."

Mkewe Kapteni alishika mbavu kabla hata hajasikia chochote.

Kisa chenyewe kilikuwa cha mwezi wa tatu. Mama mkwe wake Kapteni alikuja mjini kutibiwa goti, wakaahidiana wakutane mbele ya duka la nguo karibu na stendi. Nje ya duka lile husimamishwa sanamu la plastiki la kuonyeshea magauni, na siku hiyo lilikuwa limevalishwa gauni refu na kitambaa kichwani. Kapteni alifika, akavua kofia, akainama kwa heshima zote.

"Shikamoo mama!" Redio alikuwa ameshasimama, anaigiza. "Kimya. Mzee akadhani mama hasikii, akaongeza sauti. Shikamoo mama, pole na safari! Kimya. Sasa akaingia mambo ya ndani: goti linaendeleaje? Na bibi mwenyewe yuko pembeni hapo, kashika kikapu chake, anamtazama tu!"

"Mama yangu hajamsamehe mpaka leo," alisema mkewe huku akijifuta machozi. "Anasema baba watoto alimpita kama mlingoti."

"Nilikuwa nafanya mazoezi," alisema Kapteni, "nisije nikakosea mbele ya mwenyewe."

Wakacheka mpaka kikombe kikaanguka. Alijua watacheka. Neno hilo hilo alilisema siku ile ile jioni, na lilimsaidia sana, maana hakuna aliyeuliza ilikuwaje mtu mzima asione mtu aliyesimama kushotoni kwake umbali wa hatua mbili tu.

"Picha! Hamjafika kwenye picha!" alidakia mkwewe. Siku hizi naye alikuwa ameiva, haoni haya tena. Mwezi wa saba alihitimu chuo cha ualimu, ukoo wote ukaenda kumpongeza, wakapiga picha ya pamoja nje ya ukumbi. Walipoisafisha wakakuta Kapteni hayumo. Wiki mbili baadaye mwenzake wa chuoni akampigia simu kumuuliza kwa adabu: huyu mzee aliyesimama katikati ya familia yetu, amemkumbatia babu yetu na kucheka namna hii, ni nani?

"Na wameitundika sebuleni kwao!" alisema mkwewe. "Wamekosa la kufanya. Wageni wakiuliza wanajibiwa ni mjomba wa upande wa mama."

"Ni watu wazuri," alisema Kapteni. "Hawana maneno mengi kama ninyi."

Wakacheka tena, naye akacheka. Ila kucheka huku kulikuwa kunamchosha sasa. Mwaka mzima alikuwa akirusha masihara kila alipobanwa, na mwaka mzima watu hawa waliokula naye na kulala naye nyumba moja waliyadaka wakafurahi. Kuna siku alitamani hata mmoja tu anyamaze, amtazame vizuri. Alikasirika nao, halafu akakasirika na nafsi yake, maana ni yeye aliyewalea hivyo.

Redio alishaingia kwenye kuku. Huyo alikuwa wa mwezi wa tisa, pale Kapteni alipoukwaruza ubavu wa kushoto wa basi kwenye nguzo ya lango la shule, kuanzia mlangoni mpaka taa ya nyuma. Mkuu wa shule alipomuuliza, akajibu alikuwa anamkwepa kuku. Mlinzi wa lango akaapa kwamba tangu aajiriwe hajawahi kuona kuku eneo lile. Mkuu wa shule akacheka, akasema dereva wa miaka yote hiyo anaruhusiwa kuku mmoja.

"Kuku asiyeonekana!" Redio alipiga magoti, akaanza kumtafuta kuku chini ya meza. Mtoto naye akaingia chini ya meza na begi lake mgongoni, akanasa, ikabidi avutwe miguu.

Kapteni aliutazama mguu mmoja wa mjukuu wake, ule uliokuwa upande wa kulia. Wa pili hakuuona.

Kulikuwa na jambo la nne ambalo hakuna mtu sebuleni pale aliyelijua. Mwezi wa kumi, asubuhi, basi limejaa watoto, alikata kona ya kushoto aliyokuwa akiikata miaka nenda rudi. Njia ilikuwa nyeupe, hakuna mtu. Ghafla yule mama anayewapandisha na kuwashusha watoto akapiga ukelele. Kapteni akakanyaga breki, watoto wakagongana. Kushoto, karibu kabisa na tairi, mtu wa baiskeli alikuwa amelala mtaroni. Akaamka, akajipapasa, akamtukana Kapteni matusi yote anayoyajua, akaenda zake akichechemea. "Umesinzia nini, baba?" yule mama alimuuliza. Kapteni akakubali kwamba alisinzia.

Wiki ile ile alikwenda hospitali peke yake, nyumbani akaaga anakwenda kumwona mgonjwa. Daktari alimwambia ana presha ya macho. La kushoto limekwenda, mzee, na halirudi. Hili la kulia nalo limeanza kufifia, tutajaribu kulichelewesha. Lakini usukani, hapana. Akapewa dawa ya matone, akaificha ndani ya sanduku la spana, na kesho yake alfajiri akapanda basi kama kawaida.

Ni vibaya, na alijua ni vibaya. Aliendesha polepole mpaka wanafunzi wakaanza kumzomea, masikio yote ameyatega kwa yule mama. Kila jioni akiegesha alijiambia leo nasema. Akifika nyumbani anamkuta Redio anasimulia kuku, naye anakaa kucheka nao. Aliona aibu. Aliogopa pia, maana bila lile basi hakujua yeye ni nani tena. Lakini mpaka shule zilipofungwa watoto aliowabeba walikuwa watoto wa watu, na Mungu amsamehe, kwa watoto wa watu aliweza kujidanganya. Tangu alipoona lile begi jipya, usingizi ulimpaa.

Kura zilipigwa. Mikono yote ikaenda juu, ya mtoto yote miwili.

"Haijawahi kutokea!" alitangaza Redio. "Nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu zimebebwa na mtu mmoja! Mzee, hotuba!"

Kapteni alisimama. Akajisemea liwalo na liwe.

"Sanamu, picha, kuku," alisema. "Hivyo vyote ni kitu kimoja. Mimi sioni."

Vicheko vikalipuka. Redio alijitupa sakafuni. Mkwewe aliuficha uso kwenye mto wa kochi. "Hotuba bora kuliko zote!" alisema Redio akihema. "Hasa hapo, mimi sioni! Na uso umekaza kabisa!"

"Sitanii, wanangu. Upande wa kushoto sioni kitu."

"Hata mimi, baba! Mimi sioni upande wa jikoni, ndiyo maana vyombo havinihusu!"

Wakaanza upya. Kapteni alisimama katikati yao, mikono inaning'inia. Neno la kweli alikuwa amelisema lote, na halikuwa refu. Mkewe tu ndiye aliyepunguza kicheko, akabaki ametabasamu nusu, anamkazia macho.

Ndipo sauti ndogo ikasikika. "Babu, pokea basi. Mikono inauma."

Mtoto alikuwa amemletea mshindi glasi ya juisi. Alikuwa amesimama kushotoni kwake tangu hotuba ilipoanza, karibu kiasi cha kumgusa, ameinyoosha glasi kwa mikono miwili, na juisi imeanza kumwagika kwenye viatu vya babu yake. Kapteni aligeukia sauti ilikotoka. Akanyoosha mkono ashike glasi, akashika hewa. Akausogeza, akashika hewa tena. Mara ya tatu vidole vyake vilimpata mtoto usoni, akampapasa shavu, akashuka navyo taratibu akiitafuta mikono yake.

Redio aliendelea kucheka peke yake, kisha naye akaacha. Alikaa pale pale sakafuni, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kuongea hakuwa na neno.

"Yesu wangu," alisema mkewe. "Baba watoto. Tangu lini?"

Mkono wa Kapteni ulikuwa umebaki mtupu ghafla. Mkwewe alikuwa ameinuka bila kusema kitu, amemvuta mtoto kwa mkanda wa begi, amerudi naye mpaka ukutani na kumkumbatia kwa nguvu. Juisi ilimwagika yote. Alipogundua alichofanya, mkwewe akaanza kulia. "Nisamehe, baba," alisema, lakini mtoto hakumwachia.

Kapteni hakuwaona, wala yeye wala mtoto. Alisikia tu mapigo ya miguu yakimkimbia, yakaishia mbali naye. Yalimuuma kuliko neno lolote alilopata kuambiwa maishani. Aligeuka, akamtafuta kwa jicho lake lililobaki mpaka akampata.

"Usilie, mama," alimwambia mkwewe. "Mwaka mzima nilikuwa nangoja mmoja wenu afanye hivyo."