Kioo Cheusi na Manung'uniko ya Baba

...na cheusi tena, cheusi tititi, jicho langu la kulia limebanwa kwenye hadubini na sioni kitu ila giza lilelile la vichujio viwili vilivyopishana, cha chini kinapitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu, cha juu kinauzuia huohuo, kwa hiyo kama kioo kilicho katikati hakijaguswa ndani yake basi giza ndilo jibu, na Tochi, tunamwita hivyo kwa sababu ndiye mwenye leza, amesimama nyuma yangu na kikombe amekificha mgongoni maana chai hairuhusiwi humu, anasema, "Dada, mistari niliyoichora kwa leza ipo au haipo?" nami nasema subiri, kwa sauti kavu ambayo hakustahili, kwa kuwa simu iko mfukoni mwa koti na ujumbe wa kaka umo humo tangu asubuhi, nije Jumamosi nimchukue baba au vipi, na kaka si mtu wa kusubirishwa, tangu utotoni anajibu kabla hujamaliza kuuliza... "Leza ilifanya kazi," anasema Tochi, "niliona cheche ndani ya kioo, inatembea taratibu kama sisimizi," sawa, nimekusikia, cheche uliiona, lakini kioo nimekishika mwenyewe na kiko safi, hakina mkwaruzo, hakina ukungu, ukikipeleka dirishani utaona jengo la jirani na nguo zilizoanikwa na basi, na hiyo ndiyo kazi tuliyopewa, kujua kama mahali leza ilipopita kioo kimebadilika tabia au kimetuchezea shere... na mimi nitamjibu nini kaka, nimwambie njoo, maana ni mimi mwenyewe niliyempigia jana nikamwambia baba amenichoka, nikalia kidogo, nikasingizia mafua.

Miezi yote ile ya mwanzo hakuwa hivi, tulipomleta kwangu baada ya kuanguka bafuni kule kwake alikuwa mpole mpaka ananitia wasiwasi, baba chakula vipi, kizuri mama, hamna neno, baba mto si mgumu, hamna neno mama, ahsante sana, ahsante kwa kila kitu, hata kwa maji ya kunywa, baba yangu mzazi ananishukuru kwa glasi ya maji, nami kila asubuhi nauliza tena kabla sijatoka, baba unapapenda hapa, ananijibu kwa adabu zake, hamna neno, hadi wiki hii alipogeuka ghafla, birika hili halijapata kusuguliwa tangu linunuliwe, redio nani kaihamisha, mama mbona unafunga mlango kama umegombana nao, na mapazia, aliyekushonea mapazia haya alikuwa anakimbia mvua, maana yeye ni fundi cherehani mstaafu na pindo lililopinda linamuuma kama jino, na jana narudi kutoka kazini nakuta madirisha yako uchi, mapazia yote kayatandaza mapajani anafumua pindo, hata salamu hakuitikia vizuri, anasema tu niletee mwanga hapa, nami nikaenda chumbani nikakaa kitandani nikajiambia haya, kumbe nimeshindwa, mzee hapati raha kwangu... "Au tukipige tena leza?" anauliza Tochi, "nikiongeza nguvu kidogo, ila kinaweza kupasuka," na namsikia akimeza chai, wiki nzima ya kazi yake iko chini ya jicho langu na mimi namuwaza baba, samahani Tochi, ngoja, ngoja kwanza, usikipige... kioo hiki nimekiweka mimi, na nimekiweka vizuri mno, ukingo wake umelala sambamba na ukingo wa sahani ya hadubini, sawasawa kabisa, kwa sababu mimi siwezi kuona kitu kimekaa upande nikakiacha, huo ni urithi, baba hakuwa akikata kitambaa kabla hajakilinganisha na ukingo wa meza, na Tochi naye alichora mistari yake sambamba na ukingo wa kioo, kwa hiyo mistari yote imelala uleule mwelekeo wa kichujio cha chini, na ikilala hivyo mwanga unapita ndani yake kama ulivyoingia, hausokotwi, unafika kwa kichujio cha juu na kuzuiwa kama kawaida, lo, kosa la unadhifu, mchafu asingelifanya, maana kioo cha kawaida ukikizungusha hakijali, pande zake zote ni sawa, lakini kilichopitiwa na leza kinakuwa kama mahameli, kina upande, lazima ukigeuze ndipo kikuonyeshe... nashika sahani kwa vidole viwili, naizungusha, polepole, giza, bado giza, halafu kitu kama majivu, halafu mstari, mistari, hiyo hapo, myembamba, imepangana, inazidi kung'aa kadiri ninavyoelekea nusu ya pembe ya mraba, njano ya mbali kama majani makavu, nayo ilikuwemo muda wote huo tukizungumzia kukipasua kioo, na moyo wangu unadunda kwa furaha ya kipumbavu, kila mara huwa hivi, miaka yote hii na bado nafurahi kama mtoto aliyeona kidole chake kwenye maji.

"Vipi, umeona kitu?" anasema Tochi, lakini baba ameniingia tena akilini, baba wa zamani, nyumbani kwetu, ananung'unika tangu anapoamka, chumvi, mlango, nani kachukua mkasi wangu, na mama anacheka jikoni na kuubamiza mlango wa kabati kwa makusudi, na jirani akishangaa mama anamwambia siku huyu akinyamaza ndipo mniitie daktari, na wageni wakija baba ndiye mpole wa wote, na yeye akiwa mgeni kwa watu basi asali haifui dafu, hamna neno, ahsante sana, ahsante kwa maji... ndivyo alivyokuwa kwangu miezi yote ile, Mungu wangu, mgeni, alikuwa mgeni kwangu na mimi nikaona raha, na wiki hii kaanza kunung'unika na mimi nikampigia kaka aje amchukue, nikamuuliza baba kila siku swali lilelile kwa namna ileile, nimesimama palepale mlangoni na mkoba begani, angenijibu nini, na mapazia, nani anashona upya mapazia ya nyumba anayotaka kuhama, ameyapima madirisha yangu yote, peke yake, na mguu ule mbovu, kapanda kwenye kiti, kwa kweli hilo nitamgombeza, nina haki, ni kwangu, yaani ni kwetu... nacheka, Tochi anauliza kuna nini, sijainua jicho, mistari iko palepale inang'aa, mkono wangu uko kwenye sahani, chai yake inanukia, simu iko mfukoni na kaka bado anasubiri, na atasubiri kidogo, nitamwandikia njoo Jumamosi ule na sisi na usije na gari tupu la kubebea mizigo, mzee hatoki, na leo jioni nikifika sitamuuliza kitu, nitaingia tu, niweke mkoba, halafu mlango nitaubamiza kwa nguvu, makusudi, nisimame pale kwenye ukumbi nimsikilize.