Mtama wa Sengerema

Majirani zangu wa Buzuruga wamenisema weee mpaka wamechoka. Mwalimu mstaafu, miaka sitini na mbili, anakaa dirishani na simu kuwapiga picha shomoro! Waseme. Sinia langu bovu nimelitundika kwenye mpera, kila asubuhi natia konzi mbili za mtama, ndege wanakuja, mimi napiga picha. Simdhuru mtu.

Jumatatu nilianza mtama mpya, debe zima, alioniletea wifi yangu Dorcas kutoka Sengerema. Mweupe, msafi. Nikatenga wa ndege, uliobaki nikausaga na ulezi, nikampelekea unga Suzana, jirani yangu aliyejifungua wiki iliyopita. Kwa mzazi huendi mikono mitupu, na uji wa mtama unaleta maziwa.

Jumanne ndege walipungua. Jumatano tetere mmoja alikaa muda mrefu kwenye sinia, kichwa kinamtetemeka. Nikampiga picha kumi na mbili, tena najipongeza kwamba leo ametulia. Mjinga mimi. Alhamisi asubuhi nikaokota ndege sita chini ya mpera, miguu juu.

Nikafungua zile picha, nikazikuza. Karibu na mdomo wa tetere punje zilionekana vizuri. Zilikuwa nyeupe, ila pale kwenye kitovu cha punje palibaki wekundu kidogo. Nimezaliwa na wakulima, wekundu ule naujua. Ni dawa wanayopaka mbegu za kupandia.

Nikampigia Dorcas.

"Ni mbegu zilizobaki, wifi, si unajua mvua zimegoma," akasema. "Ningezitupaje? Nimeziosha maji matatu, nikazianika juani. Huku tunafanya hivyo siku zote."

"Mnafanya hivyo halafu mnazikana," nikamwambia, nikakata simu.

Sikukumbuka hata viatu. Nilimkuta Suzana amelala ubavu, mtoto kifuani ananyonya, jasho linamtoka. Mama yake, Modesta, alikuwa anakoroga uji kwenye sufuria.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Unga wako umetufaa sana. Huyu tangu jana anatetemeka mikono, nadhani ni homa ya uzazi. Nimemwongezea kikombe apate nguvu."

Mungu anisamehe, nilitaka kunyamaza. Kwa dakika nzima nilitafuta uongo wa kusema. Ningesema nimekuja kumsalimia tu, nimwage ule uji kwa bahati mbaya, niondoke na heshima yangu.

"Mama Suzana, usimpe tena," nikasema. "Mtama ule una sumu. Nimeuleta mimi. Tutafute gari sasa hivi."

Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akaenda kitandani, akamtoa mtoto kwenye ziwa.

Mtoto hakulia.