Msiba wa Ngano

Mimi nilitaka ngano iugue. Nilisema hivyo mchana kweupe, mbele ya watu wazima wa kijiji chetu huku Mkalama, wala sikunong'ona. Miaka minane nachanganya mbegu nikitafuta moja tu itakayoshinda kutu, ule ugonjwa unaopaka majani vumbi la rangi ya matofali. Sasa bila ugonjwa utaijuaje? Nikapanda mistari mia moja na ishirini, kila mmoja mbegu yake, nikaipaka kutu kwa mikono yangu.

Mzee Gaspari, mwenyekiti wa kitongoji, akaja kunipa pole. Nikamwamkia, nikamweleza mambo yanaenda vizuri mno, mistari sitini imeshakauka. Akasema Mungu atanitia nguvu. Kesho yake akina mama wa jumuiya wakaleta uji. Uji wa nani, jamani? Wakakaa kando ya shamba, wakauliza mgonjwa ameamkaje. Nikawajibu hali ni mbaya, huku nacheka. Wakanong'onezana kwamba uchungu umenipanda kichwani.

Kufikia Mei mistari mia moja na kumi na tisa ilikuwa imekufa. Mmoja ulisimama bila doa hadi masuke yakakomaa. Nilipiga magoti kwenye udongo kwa furaha. Mbegu yake yote duniani ilikuwa pale, mstari wa hatua chache. Nikaufunga utepe mwekundu, nikapanda basi kwenda Singida mjini kutafuta mifuko ya kuhifadhia.

Niliporudi kesho yake nikakuta turubai shambani, viti vya kukodi na kwaya. Mzee Gaspari akanipokea begi, akaniketisha kwenye mkeka wa wafiwa. Akaniambia wasingeweza kuniacha peke yangu na vifo vingi namna ile. Watu wamechanga, na chakula kimeiva.

"Mmepika nini?" nikauliza.

"Kande ya ngano na maharage, mwanangu. Ile yenye utepe tuliona umewatengea wageni."

Mkewe, Mama Jesca, akaniwekea sahani mapajani, akanisihi nile kidogo. Nikala. Ilikuwa tamu, na hilo liliniuma kuliko yote.

"Hii ngano haina mfano," akasema taratibu. "Mbegu yake umebakiza? Na sisi tupande mwakani."

Nikaangua kilio mbele ya kwaya nzima. Akina mama wakanizunguka, wakanipangusa uso, wakasema afadhali amelia, sasa atapata nafuu. Mzee Gaspari akasimama, akatangaza kwamba tunaweza kuanua matanga.