Mkanda wa Kupandia Nguzo

Mashine ilikuwa mbovu. Mimi ni fundi umeme, kitu kibovu nakijua nikikiona. Vibandiko viwili vyenye waya vilikuwa juu ya paja langu la kushoto, ambalo lilikuwa limekonda tangu nilipopasuliwa goti na kuunganishwa mshipa mpya. Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitalini alitaka nikaze msuli wa mbele ya paja, huo tu, ili mstari kwenye kioo cha mashine upande hadi alama nyekundu, ndipo mashine ilie. Nikakaza meno, nikakaza tumbo, nikakaza na makalio. Mstari ulilala tu.

"Unakaza kila kitu isipokuwa ninachokitaka," alisema yule dada, ambaye ni rika la binti yangu.

Nilifura. Bosi alikwishasema kwamba nisipopanda nguzo mwezi ujao, kazi yangu anapewa shemeji, mdogo wake mke wangu. Shemeji mwenyewe hana haya. Jana alikuja nyumbani kuazima mkanda wangu wa kupandia, akaujaribu mbele yangu, tumbo likakataa, akaomba msumari atoboe tundu jingine. Nikamnyang'anya. Akasema mkanda unaoning'inia ukutani haumlishi mtu. Mke wangu akacheka.

Basi nikamwambia dada kwamba mashine yake imekatika waya kwa ndani. Hakubisha. Aliniuliza mafundi hupimaje jambo kama hilo. Nikamweleza kwamba kipimo ukikitilia shaka, unakijaribu kwanza kwenye waya unaojua kabisa kwamba una umeme.

"Basi kijaribu," akasema, akanipisha.

Nikavibandua vile vibandiko, nikavihamishia paja la kulia, lile zima. Nilikaza kidogo tu. Mashine ikalia mpaka mzee wa kitanda cha jirani akageuka kunitazama.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nyani haoni kundule, na mimi wiki nzima nilikuwa nikitukana mashine ya watu. Ubovu ulikuwa wangu. Machozi yalinilenga, nikajifanya nakuna jicho.

Dada hakucheka. Aliniambia nisivitoe kwanza, nifumbe macho, nikaze tena hilo zima na nisikilize linavyofanya. Nikasikiliza. Pumzi ilikuwa inatoka yenyewe, makalio yamelegea, kifuniko cha goti kinavutwa juu polepole. Kumbe hakuna vita vyovyote.

Tukarudi kushoto. Kimya. Nikalegeza meno, nikajaribu tena, kimya. Halafu mashine ikalia, mlio mfupi, ikanyamaza. Nilirudia hadi jasho likanitiririka na haikulia tena. Kama isingekuwa ya hospitali ningeibamiza ukutani.

"Umeme upo, fundi," alisema akikunja waya zake. "Ni mdogo tu. Miezi kadhaa, si wiki."

Miezi. Nilirudi na magongo yangu, kila hatua nikiitukana. Nyumbani nilimkuta shemeji amekaa kwenye kiti changu. Sikumsalimu. Nilikwenda ukutani, nikautungua mkanda, nikamtupia mapajani.

Akanitazama kama haamini, akashukuru, kisha akaanza kuangaza macho akitafuta msumari.

"Tundu usitoboe," nikamwambia.

"Sasa mkanda utanienea vipi, shemeji?"

"Punguza tumbo. Huo nakuazima tu."